Mada: Abo ya balei – niendelee nayo au niikate?

Kutoka: Mama Tunu (NRW)
Jumanne 20 Mei 2025

Habari zenu ndugu tulioko Ujerumani,

Samahani kwa kuandika usiku, ndiyo kwanza nimetoka zamu. Naomba ushauri kwa wanaojua mambo ya Abo, yaani kulipia msimu mzima kwa mkupuo. Siyo ya simu, ya balei. Msicheke.

Msimu huu nilichukua Fest-Abo kwenye jumba la mji wetu: maonyesho sita, kiti kilekile, kila mara Alhamisi saa moja na nusu usiku. Euro 198. Ukinunua moja moja kwa kiti kama kile inafika 270, nikajiona mjanja. Kati ya sita nimeona matatu. Mawili nilipangiwa Nachtdienst (zamu ya usiku), moja mtoto aliumwa. Pigeni hesabu: kila onyesho limenila euro 66, na kwa bei hiyo ningekaa mstari wa mbele nikasikia wachezaji wanavyohema.

La pili nililolikosa niliwapigia ofisi ya Abo. Mama mmoja akaniambia kubadilisha tarehe ni siku tatu kabla, kwa maandishi, na tiketi ya karatasi iwe imeshafika mezani kwake. Nikamwambia mwenzangu wa kazini ameumwa leo asubuhi, na mimi nimeitwa leo. Akasema, basi mpe rafiki. Rafiki gani? Nyote mko kazini!

Sasa barua imekuja. Msimu ujao 231. Kündigung (barua ya kukata mkataba) isipowafikia kabla ya 31 Mei inajirudia yenyewe, na mwezi wa nane wanavuta hela benki kwa SEPA. Naomba kujua mambo mawili: kwa mtu wa zamu kama mimi Abo ina faida? Na nikihama kutoka Fest-Abo kwenda Wahl-Abo (ile ya kujichagulia siku), hiyo inahesabika ni Kündigung nipoteze kiti, au kiti kinabaki changu?

Mama Tunu

Kutoka: Bakari, Hamburg
Jumatano 21 Mei

Pole sana dada. Kata. Mimi gym ilinifanyia hivyohivyo, nikalipa mwaka mzima sijanyanyua hata chuma kimoja. Na ukichelewa usiogope, waache wavute halafu nenda kwenye app ya benki urudishe Lastschrift (hela waliyovuta). Una wiki nane. Pia kuna Widerruf (haki ya kughairi) ya siku 14, kila kitu cha mtandaoni unarudisha.

Kwani balei yenyewe inahusu nini? Nauliza kwa wema.

Kutoka: Neema, Berlin
Jumatano 21 Mei

Bakari, tafadhali usimpoteze mwenzio.

Kurudisha Lastschrift hakuvunji mkataba. Hela zitarudi, deni litabaki. Itakuja Mahnung (barua ya kudai), itakuja ya pili, itakwenda Inkasso (wakusanya madeni), na mwakani dada anatafuta nyumba ya vyumba vitatu huku Schufa (rekodi ya madeni) ina doa la euro 231 za balei. Na hizo siku 14 haziingii kwenye tiketi za burudani zenye tarehe maalumu, soma § 312g ya sheria ya BGB. Nimelisema hili kwenye orodha hii wakati wa tiketi za tamasha la bongofleva, nikaambiwa najifanya mwanasheria.

Mama Tunu, andika barua, peleka Einschreiben (barua ya rejista), weka risiti. Usipige simu. Simu haina ushahidi.

Mimi Abo sina. Nilipokuwa na berlinpass (kadi ya wenye kipato kidogo) nilikuwa napanga foleni jioni kabla ya onyesho na kuingia kwa euro 3. Sasa nina kazi ya maana nalipa bei ya watu wazima, na naenda mara chache kuliko nilipokuwa sina kitu. Halafu tangu ile habari ya Chloé Lopes Gomes nimepoa. Mcheza balei wa kike Mweusi wa kwanza kwenye kundi la hapa Berlin, aliingia 2018, na 2020 akasema hadharani kwamba alitakiwa ajipake poda nyeupe kwa ajili ya Schwanensee (balei ya Ziwa la Mabata Maji). Unakaa pale unaangalia mabata maji 24 na unajua unachokitazama.

Kutoka: Mzee Othman, Leipzig
Jumatano 21 Mei

Asalaam aleikum wanangu.

Huku kwetu hatusemi Abo, twasema Anrecht. Neno zuri zaidi, maana ndani yake mna haki. Gazeti ndilo la Abo.

Nilipokuja 1974 kusoma, enzi za Ujerumani Mashariki, chama cha wafanyakazi kikigawa tiketi kiwandani. Brigedi nzima ya kazi inakwenda, fundi wa kulehemu kakaa pembeni ya daktari. Jumba la opera ni lilelile la Augustusplatz lililofunguliwa 1960, siku hizo uwanja ukiitwa Karl-Marx-Platz. Hakuna aliyeuliza kama yafaa au hayafai. Bei yake bia mbili. Leo mwanangu analipia 198 na anahesabu kama mwenye duka la Darajani.

Ila miaka hamsini hii jambo moja bado lanisumbua: huwezi kumtunza mtu. Kwetu Ikhwani Safaa wakipiga taarabu, mwimbaji akikugusa unainuka na noti yako, unakwenda kwa madaha, unampa, unarudi, na ukumbi wote umejua huyu kaguswa na ubeti gani. Hapa binti kazunguka kwa mguu mmoja mara 32, na miye nimekaa kama niko hitimani. Nikapiga makofi kabla ya wakati, bibi wa mbele akanigeukia.

Nimewahi kusafiri mpaka Stuttgart kuiona balei ya Onegin ya yule Mwingereza, Cranko. Hiyo, Mama Tunu, lipia hata 66.

Kutoka: Wanjiru, Stuttgart
Alhamisi 22 Mei

Shikamoo Mzee. Lakini Cranko si Mwingereza! Ni mtu wa Afrika Kusini, alizaliwa Rustenburg 1927. London alifanya kazi tu. Alikuja hapa 1961, Onegin akaitoa 1965, na 1973 akafia kwa ndege akitoka Marekani. Sisi watu wa Stuttgart hili jambo hatulichezei, hata mimi wa Kiambu.

Mama Tunu, hukusema kama tiketi yako iko na usafiri ndani. Hapa kwetu tiketi ya jumba ndiyo tiketi ya VVS (treni na mabasi ya hapa) siku hiyo, kwenda na kurudi. Hiyo nayo uweke kwa hesabu. Lakini kama uko na Deutschlandticket (tiketi ya usafiri ya mwezi, nchi nzima) basi haikusaidii kitu.

Nikikumbuka Nairobi machozi yananitoka. Kila Desemba Dance Centre Kenya wanafanya Nutcracker pale Kenya National Theatre. Mpwa wangu alikuwa panya. Panya wa nyuma kabisa, lakini familia yote ilienda, watu kumi na wanne, tukapiga kelele akitokea, na hakuna mtu alitugeukia.

Na kusema ukweli, 231 si uiongeze kidogo tu ulipe Einbürgerung (uraia wa Ujerumani)? Ni 255. Kiti cha jumba utakipata baadaye.

Kutoka: Bakari, Hamburg
Alhamisi 22 Mei

Wanjiru rahisi kwako kusema. Nyinyi Wakenya katiba ya 2010 imewaruhusu, Mjerumani naye tangu 27 Juni 2024 haulizi tena. Una pasi mbili mfukoni. Sisi Watanzania ukichukua hiyo nyekundu unakwenda kuomba viza ya kumzika mama yako.

Kutoka: Wanjiru, Stuttgart
Alhamisi 22 Mei

Sasa mimi nimekosea nini? Ongeeni na wabunge wenu.

Kutoka: Mzee Othman, Leipzig
Alhamisi 22 Mei

Wabunge wametupa "hadhi maalumu". Hadhi! Kama mgeni wa heshima kwenye harusi ya dadako mwenyewe: umewekewa kiti kizuri, ila hukuulizwa mahari.

Kuhusu Cranko nimesikia. Ahsante kwa masahihisho, mwanangu, japo yangeweza kuja kwa sauti ya chini.

Kutoka: Neema, Berlin
Alhamisi 22 Mei

Uraia pacha tuliujadili Februari kwa barua sitini. Tafadhali fungueni mada nyingine.

Nilisahau jambo. Tangu Machi 2022 mikataba mingi inayojirudia unaweza kuikata kwa taarifa ya mwezi mmoja baada ya kipindi cha kwanza. Majumba yana AGB (masharti) zake na msimu una tarehe zake, kwa hiyo usitegemee hilo kabla hujauliza Verbraucherzentrale (ofisi ya kutetea wateja).

Kutoka: Mama Tunu (NRW)
Ijumaa 23 Mei

Asanteni nyote. Bakari, uliuliza inahusu nini na hakuna aliyekujibu. Niliyoipenda ni Giselle. Binti wa kijijini anadanganywa na mwanamume mwenye cheo, anafariki. Sehemu ya pili ni usiku, makaburini, mabinti waliokufa kabla ya harusi wanatoka wamevaa nyeupe, na mwanamume anayekatiza pale wanamchezesha mpaka roho imtoke. Bibi yangu wa Pemba asingehitaji kusomewa kijitabu. Angeuliza tu nani kawapanda kichwani na wanataka ubani gani.

Niseme na lingine ambalo sikuliandika mwanzo. Kiti cha jirani yangu kinakaliwa na bibi mmoja wa Kijerumani, Abo yake ina miaka 31. Kila mapumziko ananipa pipi ya mnanaa kutoka kwenye mkoba. Niliporudi baada ya kukosa mara mbili aliniambia, kwa sauti ya kugomba kabisa, "Ulikuwa wapi?" Miaka tisa niko nchi hii, ukiacha Dienstplan (ratiba ya zamu) na Krankenkasse (bima ya afya) hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo. Ndiyo maana nimeuliza habari ya kiti. Wahl-Abo nachagua siku zangu, zamu hainisumbui, lakini nitapewa kiti chochote. Yeye atabaki na Alhamisi.

Kwa hiyo narudia: kuna yeyote aliyehama Fest kwenda Wahl? Barua ya Kündigung nimeshaiandika, iko mezani, sijaweka stempu.

Kutoka: Wanjiru, Stuttgart
Ijumaa 23 Mei

Aki pole. Muulize namba yake ya simu huyo mama.

Kutoka: Neema, Berlin
Ijumaa 23 Mei

Stempu ya kawaida haitoshi. Einschreiben, nimesema.

Kutoka: Mzee Othman, Leipzig
Ijumaa 23 Mei

Mpelekee kashata.

Kutoka: Bakari, Hamburg
Jumamosi 24 Mei

Samahani nje ya mada: kuna mtu ana nafasi kwenye kontena la Dar mwezi wa saba? Nina friji moja na baiskeli mbili za watoto. Na Mama Tunu, kama Desemba una Nussknacker (ile Nutcracker) na uko zamu, mke wangu amesema atakuja na treni, hata kama ni Alhamisi.