"Kwa pointi" haitoshi: majaji waligawanyikaje?

Wadau wa ngumi, naleta mjadala. Tuendelee kutangaza "ameshinda kwa pointi" na kuishia hapo, au kila jaji alichoandika kisomwe? Mimi nasema kisomwe, tena kwa Kiswahili kinachoeleweka.

Nilikuwa Manzese kwenye pambano la raundi nane. Kengele ya mwisho imelia, mabondia wote wawili mikono juu, ukumbi hauelewani. MC akapewa karatasi: "Mshindi kwa pointi, kona nyekundu!" Basi. Mzee mmoja kando yangu akainuka na kiti chake mkononi, anapiga kelele kwamba tumeibiwa. Baadaye nikaiona ile karatasi: 77-75, 77-75, na jaji wa tatu 75-77 (namba ya kwanza ni ya kona nyekundu). Kumbe jaji mmoja aliliona pambano kama yule mzee! Angeambiwa, naamini kile kiti angekikalia.

Wanaopinga wanasema ukitaja mgawanyiko unachochea vurugu. Mbona vurugu tunazo tayari? Fainali ya Olimpiki ya Seoul 1988, bondia Mmarekani Roy Jones Jr. alinyimwa ushindi mbele ya mwenyeji, Mkorea Park Si-hun, kwa majaji 3-2 (pale majaji walikuwa watano). Ile 3-2 ndiyo inayotuwezesha kuuliza mpaka leo: wale watatu waliona nini?

Maneno tunayo. Majaji wote watatu wakimpa mmoja, ameshinda kwa kauli moja. Hapo hatuhitaji kuazima popote. Wawili wakimpa huyu na wa tatu akampa mpinzani, ameshinda kwa majaji kugawanyika. Kazi iko pale wawili wanapompa na wa tatu anaandika sare. Nimesikia "kwa wingi wa majaji", lakini hata wakigawanyika si ni wingi uleule ulioamua? Naona tuseme "wawili na sare", ingawa sijaridhika nalo.

Kuhusu kuacha "pointi" tuseme "alama", mimi hapana. Kuanzia Kariakoo hadi Mbagala watu wanahesabu pointi tatu za Simba na Yanga, na hakuna anayepotea. Anayependa alama aandike, tutamwelewa. Kinachoniuma ni hesabu ya majaji kufichwa kwa mtu aliyelipa kiingilio.

Karibuni. Mwenye neno zuri la ile ya wawili na sare aliweke hapa.