Naomba ushauri: Benz W123, kibati kinasema kijani, gari ni nyeupe

Wakuu, habari zenu. Nina Mercedes 240D ya 1981, toleo la W123, niliyoachiwa na mzee. Wote tunaijua nyeupe, ila fundi alipovua mpira wa mlango, chini yake kikatokea kijani kilichokoza, cha metaliki. Kibati cha mbele, juu ya rejeta, kina namba ya rangi 876, ambayo kwa Mercedes ni Cypress Green, yaani kijani. Safi sana, maana nyingi ninazoziona mtaani ni nyeupe au krimu.

Sasa kinachonichanganya: kibati hichohicho kina namba za vifaa vilivyowekwa kiwandani: kuna 412, sanrufu (dirisha la paa) ya umeme, na kweli ipo, inafunguka mpaka leo. Lakini kina pia 580, yaani AC, na humu hakuna kompresa wala bomba la AC hata moja! Iling'olewa, au kibati kimetoka gari lingine?

Aliyewahi kuagiza karatasi ya kiwandani Ujerumani (inayoonyesha gari lilitoka na rangi na vifaa gani) kwa namba ya chasisi, walidai nini? Na nikwangue wapi kingine nihakikishe rangi, chini ya kapeti la buti au nyuma ya dashibodi? Fundi anataka apige "kijani chochote kinachofanana." Nimemkatalia.