Shokapu ya mbele ya MTB: Judy, Recon, Suntour ya upepo au foku ngumu?

Mtabata
Wakuu, habari za jioni. Nina MTB (baiskeli ya milimani) ya mtumba, tairi 27.5, breki za diski, imekuja na Suntour XCM ya springi inayozama milimita 100. Siku za kazi naenda nayo mjini, wikiendi napanda Pugu hadi Kisarawe, mara moja moja navuka na kivuko kwenda Kigamboni. Nina kilo 92. Kwenye mteremko wa mawe shokapu inazama yote, inagonga "ko!", halafu inaninyanyua mikono. Nimekaza kinobu cha juu mpaka mwisho, hola.

Nimebaki na hizi: RockShox Judy Silver, RockShox Recon, Suntour XCR ya upepo, na kuna jamaa Kariakoo ana RockShox Reba iliyotumika. Mwingine kaniambia niachane na shokapu kabisa, niweke foku ngumu ya chuma, yaani uma wa mbele usiozama. Mnashaurije?

Fundi_Buguruni
Mkuu, majina yaache kwanza, chukua rula. Watu wengi wananiletea shokapu nzuri ambayo haiingii kwenye baiskeli yao.

Pima bomba la shingo la fremu kwa ndani, ukishatoa vikombe vya beringi. Ukikuta milimita 34, fremu yako inataka shokapu yenye shingo (bomba lake la juu linaloingia kwenye fremu) nyooka ya inchi 1 1/8 na si vinginevyo. Ukikuta 44 una bahati, maana hata shokapu yenye shingo inayonenepa chini hadi inchi 1.5 itakaa, ukibadilisha kikombe cha chini kiwe cha kukaa nje.

Halafu habu ya mbele, kile kitovu cha gurudumu. XCM nyingi ni za kwiki rilizi (unafungua gurudumu kwa mkono), ekseli ya milimita 9, upana 100. Shokapu nyingi mpya ni za ekseli ya 15 kwa 110. Ukinunua hiyo, tayari umejinunulia na habu, na pengine kusuka rimu upya. Hiyo hela muuzaji hakwambii.

Kilo_Mia
Mtabata, mimi ni mzito kuliko wewe kwa hiyo hili nalijua. Kile kinobu cha XCM hakibadilishi ugumu wa springi. Kinaibana kidogo kabla hujakaa, basi. Springi ni ileile na imetengenezwa kwa mtu mwepesi kuliko sisi. Zipo springi ngumu za kubadilisha, ila kuagiza springi ya shokapu ya bei ya chini sioni faida yake.

Upepo ndio jibu kwa uzito wetu. Unajaza kulingana na kilo zako, ukipanda na begi izame robo hivi au pungufu kidogo, kwa milimita 100 ni kama 20 mpaka 25. Ikizidi hapo ongeza, isipofika punguza.

Kati ya Judy na Recon za upepo, angalia unene wa miguu ya juu, ile mirija inayoingia ndani shokapu ikizama: Judy ni milimita 30, Recon 32. Unaweza kuidharau milimita mbili, ila funga breki ya mbele kwenye kona yenye mawe ukiwa na kilo 92 ndipo utaelewa. Judy inajikunja kidogo, tairi linachelewa kufuata usukani. Mimi kwako nasema Recon. Judy ni ya mtu wa kilo 65 anayezunguka Mikocheni.

Jua_Kali
Upepo kwa joto la Dar? Baiskeli ikishinda juani nje ya ofisi si inapasuka hiyo?

Kilo_Mia
@Jua_Kali haipasuki kaka. Ukijaza presha ya psi 80 asubuhi kwenye nyuzi 25, hewa ya ndani ikapanda hadi nyuzi 40, utasoma kama 85. Utahisi imekaza kidogo tu. Kinachoziua hapa Dar ni mchanga na chumvi.

Shangazi_wa_Mjimwema
Hapo kwenye chumvi ndipo nilipokuwa nasubiri. Wanangu, mimi naishi Kigamboni na naendesha ufukweni maji yakitoka. Mchanga ule mlaini unaganda kwenye sili, ile mipira inayozuia uchafu kuingia ndani, na kila shokapu ikizama unasaga miguu ya juu. Ile ya chuma iliyopakwa kromu ikianza vidoa vidogo vya kutu, sili mpya haidumu, maana inapita juu ya msasa.

Kwa hiyo nilitoa shokapu, nikaweka foku ngumu ya chuma na tairi pana ya inchi 2.4, upepo nikaupunguza. Baiskeli imepungua zaidi ya kilo moja na sina cha kuhudumia. Kwa Kigamboni na kazini inatosha kabisa. Kwa mawe ya Pugu, hapana, mikono itauma, sitaki kukudanganya.

Ukichagua njia yangu, usichukue foku yoyote fupi ya baiskeli ya kawaida. Pima shokapu yako kutoka katikati ya ekseli hadi pale beringi ya chini inapokaa, toa zile milimita 20 na kitu za kuzama, tafuta foku ya urefu huo. Ikiwa fupi sana mbele inainama, usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi na pedeli zinagonga chini.

Fundi_Buguruni
Shangazi kasema kweli. Niongeze kuhusu kuosha: usipeleke shokapu kwenye mashine ya presha ya kuoshea bodaboda, maji yanapita sili na kukaa ndani. Na wale wanaopuliza dizeli ili ing'ae, ile inaharibu mpira wa sili. Maji ya kawaida na kitambaa, kila ukitoka ufukweni.

Na huduma usimpe fundi wa pikipiki hivihivi. Ni mafundi wazuri, ila wamezoea kumimina oili kwa kukadiria. RockShox chini kunaingia mililita chache tu, kila modeli ina kipimo chake. Ukizidisha, shokapu inagoma kuzama hadi mwisho na sili zinavuja. Kiwanda kinataka mguu wa chini ufunguliwe na kubadilishwa oili kila saa 50 za kuendesha. Kwa vumbi la Kisarawe mimi nisingechelewesha.

Mbezi_Juu
Na ile Reba mbona mmeiruka? Ndiyo nyepesi kuliko shokapu zote hapo. Ila ya mtumba ina mtego: shingo yake imeshakatwa kwa fremu ya mtu mwingine. Ikiwa fupi kwako hairefushwi. Muulize jamaa urefu kwa milimita, si "inatosha, bosi". Pitisha ukucha kwenye miguu ya juu, ukikwama popote muache nayo. Na uhakikishe ni ya tairi 27.5, za 26 zimejaa sana Kariakoo.

Mtabata
Nawashukuru sana. Nimepima jioni hii: bomba la shingo 44 kwa ndani, habu ni ya milimita 9. Jamaa wa Reba nimempigia, shingo yake ni fupi kuliko yangu kwa sentimita mbili, nimeachana nayo. Shangazi, foku ngumu nimeielewa, ila Pugu siiachi.

Kwa hiyo Recon, ya shingo nyooka na ekseli ya 9, niendelee na habu yangu. Milimita 100 zilezile au niende 120?

Fundi_Buguruni
100. Ukiongeza 20 mbele inanyanyuka, pembe ya shingo inalala kama nyuzi moja, na fremu yako ilichorwa kwa 100. Shingo yake bado usiikate. Njoo nayo na ile XCM nilinganishe shingo, nina kifaa cha kukatia. Nunua na pampu ya shokapu, ya tairi haitakufaa, kila ukiichomoa inapoteza upepo mwingi.

Kilo_Mia
Ile XCM ukitoa usiitupe, dogo langu anaitaka.