Yule mheshimiwa wa nyuzi ndefu kaja dukani na kamera, kisha kaniambia "Umefaulu, kijana"

Wakuu, salaam.

Sitamtaja, kwa sababu nyote mnamfahamu: ni yule ambaye hajawahi kuandika hapa aya inayomalizika siku hiyo hiyo. Leo ameingia na mkewe katika duka la bunduki ninalofanya kazi hapa Virginia. Bastola akachagua yeye, bei akauliza yeye, kadi ya benki akatoa yeye, kisha Fomu 4473, ile ya serikali kuu ambayo mnunuzi huthibitisha kwamba silaha ni yake mwenyewe, akamsogezea mkewe, aliyekuwa amekwisha kusema kwamba yeye bunduki haitaki hata kuiona. Nilipokataa kuuza, akanionyesha kamera iliyofichwa kifungoni, akapiga makofi mbele ya wateja na kutamka: "Umefaulu, kijana!"

Kijana! Mimi niliyekula pilau ya harusi ya baba yake!

Anajiona Michael Bloomberg, aliyekuwa meya wa New York, ambaye mwaka 2006 jiji lake lilituma wapelelezi binafsi katika maduka ya majimbo 5, Virginia ikiwemo, wajifanye wanunuzi wa namna hiyo hiyo, kisha likawafungulia wauzaji 27 kesi za madai. Asichokumbuka ni kwamba mwaka 2007 Wizara ya Sheria ya Marekani ililionya jiji hilo kuwa upelelezi wa wasio polisi unaweza kuwatia matatani kisheria, na mwaka huo huo Virginia ikatunga sheria inayofanya kuwa jinai kumshawishi muuzaji amkabidhi silaha mtu asiye mnunuzi halisi, isipokuwa kwa askari aliye kazini au anayesimamiwa naye moja kwa moja. Kwa hiyo aliyeniambia "umefaulu" ndiye mwenye kosa, na ushahidi amejirekodi mwenyewe. Umefaulu!

Bibi_Harusi: Mkuu, nimetafuta jeraha sijaliona. Umesifiwa hadharani, tena umeitwa kijana. Wengine tunalipia saluni ili tuitwe hivyo.

Wakili_Bila_Ofisi: Mume kumlipia mkewe silaha ambayo kweli ni ya mke si kosa; kosa ni kudanganya kwenye fomu kuhusu mnunuzi halisi, na katika kesi ya Abramski ya mwaka 2014 Mahakama ya Juu ilisema ni kosa hata kama anayejaza fomu na mnunuzi halisi wote wawili wanaruhusiwa kumiliki silaha. Mtego wa polisi wenyewe ni halali, mradi wasimtie mtu nia ya uhalifu ambayo hakuwa nayo.

Mleta uzi: Wakili, ahsante, lakini sikuuliza habari za Abramski. Nauliza ni nani aliyempa yule mtu mamlaka ya kunisahihishia mtihani. Alipiga makofi!

Mpwa_wa_Lindi: Mzee shikamoo. Je, ulipata alama ngapi?

Dada_Kaunta: Afadhali wewe umepigiwa makofi. Mimi nauza bia, na polisi hututumia vijana wasiotimiza miaka 21 wenye ndevu za maimamu. Ukimuuzia, unapigwa faini. Ukimkatalia, huambiwi hata ahsante.

Chama_cha_Sigara: Bia ni nafuu, dada. Kwenye sigara nasi umri ulipandishwa hadi 21 mwishoni mwa mwaka 2019, na tangu hapo kila mteja asiye na mvi namwona mpelelezi. Juzi nimemdai kitambulisho baba mkwe wangu, na mpaka leo hapokei simu.

Dada_Kaunta: Baba mkwe ana miaka mingapi kwani?