Naomba ushauri: siku 12 au 14 kwenda Everest Base Camp?

Habari zenu wakuu. Oktoba mwakani mimi na mdogo wangu tunakwenda Nepal, tukiwa na mwongozaji, kutembea kwa miguu kutoka Lukla hadi Everest Base Camp (kambi iliyo chini ya mlima Everest), mita 5,364. Kampuni moja inatupa siku 12 na mapumziko ya kuuzoesha mwili mwinuko Namche tu (mita 3,440). Nyingine siku 14, inaongeza Dingboche (mita 4,410) na siku ya akiba, maana ndege za Lukla huahirishwa sana kwa hali ya hewa.

Hofu yangu ni hii: mwaka juzi Kilimanjaro, njia ya Marangu kwa siku tano, nilipofika kambi ya Kibo kichwa kiligonga kama nyundo, nikatapika hata maji niliyokunywa. Nikashushwa hadi kambi ya Horombo usiku uleule, nimeshikwa mikono yote miwili. Mdogo wangu anasema siku mbili si kitu. Mimi naona ndizo zitakazotufikisha.

Mliokwenda, siku 14 ziliwatosha? Diamox (dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko) mlianza kumeza lini? Na bima ya kushushwa kwa helikopta mlikatia wapi, inayofika zaidi ya mita 5,000? Nyingi nilizosoma zinaishia chini ya hapo.