Naomba ushauri: nimwendeeje mhadhiri anayetafiti sumukuvu?

Habari zenu wakuu. Nipo mwaka wa pili Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, nasomea sayansi ya chakula. Kuna mhadhiri wetu anatafiti sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu (ukungu), kwenye mahindi, nami natamani sana kujifunza chini yake sasa hivi, nisisubiri utafiti wa mwaka wa mwisho.

Kwetu ni Kondoa, mkoani Dodoma. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na hadi leo naona mahindi yakianikwa chini kwenye udongo, yanaingizwa kwenye viroba kabla hayajakauka vizuri. Kuvu hupenda hali hiyohiyo, na sumu yake haiondoki kwa kupika ugali.

Niko tayari kuosha vyombo vya maabara, kusaga sampuli, hata kuingiza takwimu bila malipo. Je, nimwandikie barua pepe kwanza au nigonge mlango ofisini? Niambatanishe matokeo yangu? GPA yangu (wastani wa alama) ni ya kawaida, ila kemia nimefanya vizuri. Na likizo niombe kubaki maabara, au mafunzo kwa vitendo yatagongana? Waliopitia njia hii, hasa dada zangu, naombeni mnielekeze.