Nauza nyumba kwa awamu, umeme na maji vikae kwa jina la nani?

mwenye_funguo
Wakuu habari zenu. Nauza nyumba kwa jamaa ambaye hana hela yote kwa mkupuo, na benki imemgomea, kwahiyo tumekubaliana atoe kianzio halafu hiyo nyingine awe ananilipa mimi mwenyewe kila mwezi na riba kidogo, hati nabaki nayo mpaka amalize. Wakili keshaandaa mkataba, kwenye bei na tarehe uko vizuri, ila kwenye umeme na maji kaandika mstari mmoja tu, "mnunuzi atawajibika kwa huduma zote". Sasa akaunti zote zina jina langu. Nizihamishie kwake wakati nyumba kisheria bado yangu? Au niziache awe ananitumia hela ya bili? Shemeji yangu anasema niziache, jamaa akizingua rejesho namkatia umeme, atanitafuta mwenyewe.

Kitasa
Mkuu shemeji mheshimu ila hilo usimsikilize. Mtu anaishi mule kwa mkataba, ukimkatia umeme au maji ili umbane alipe, sehemu nyingi ni kosa kisheria, unageuka wewe mdaiwa. Akishindwa kulipa kuna notisi, kuna muda wa kujirekebisha, halafu ndo unaenda kwenye utaratibu wa kurudisha nyumba, hayo yote yawe ndani ya mkataba.

Umeme hamisha. Kawaida deni la umeme linamganda mwenye akaunti, sasa yeye awashe jiko na kiyoyozi usiku kucha halafu barua ya madai ije na jina lako, ya nini? Mashirika mengi ya umeme, ukienda kubadilisha jina, yanataka mkataba wa mauzo, kitambulisho chake na barua yako ya ridhaa, nenda naye mkamalize siku hiyo hiyo. Na kama uliweka amana wakati unafungua akaunti, uliza inarudije, watu wanazisahau sana hizo.

mama_bili
Kwa umeme nakubaliana na Kitasa, maji ni habari nyingine. Kuna sehemu deni la maji, na hata la taka, linaifuata nyumba sio mtu, yaani jamaa akilimbikiza akahama, linabaki kwenye nyumba yako. Na watu wa maji wengine hawamwandikishi kabisa mtu ambaye hana hati. Kwahiyo kabla hamjasaini waulize hao wa maji swali moja, deni linabaki kwa nani, ukishajua hilo ndo unaamua.

Ikibaki jina lako, bili ije kwako, ulipe wewe, yeye akurudishie pamoja na rejesho LAKINI iandikwe mstari wake na risiti yake. Mkichanganya humo humo, siku kalipa pungufu wewe utasema kapunguza rejesho, yeye atasema rejesho kamaliza hiyo ni bili ya maji bado, hapo mtasumbuana mpaka mchoke. Na ikihamia kwake, weka kipengele kwamba wewe una haki ya kuona bili na akipata onyo la kukatiwa akujulishe, maana nyumba bado ni yako na hutajua chochote mpaka siku mambo yameharibika.

fundi_waya
Niongezee ya kifundi. Siku ya kukabidhi funguo simameni wote wawili kwenye mita, pigeni picha namba ya mita na usomaji, umeme na maji, muandike chini msaini. Bili ya kabla ya hapo ni yako, ya baada ya hapo ni ya mnunuzi. Na hakikisheni hiyo mita ni ya nyumba hiyo kweli, zima swichi kuu uangalie kama inaacha kuhesabu, nimeshakuta mita mbili zimepishana na za jirani na watu wanalipiana miaka bila kujua. Kama ni mita ya kulipia kabla angalia ina deni la nyuma, maana sehemu nyingine ukinunua yuniti wanakukata humo humo, mnunuzi atakulaumu wiki ya kwanza.

Halafu omba KUHAMISHA JINA, usiombe kufunga akaunti. Ukifunga wanaweza kukata kabisa, na kurudisha ni ada na ukaguzi upya, na kama waya ni za zamani wanaweza kugoma mpaka zibadilishwe.

mwenye_funguo
Asanteni sana wakuu, shemeji nitamjibu kistaarabu 😂 Ila kuna kingine, jamaa anataka kuvuta umeme wa fezi tatu, ule wa mashine kubwa, afungue karakana ya kuchomelea hapo nyuma, ananiambia nimsainie fomu. Nisaini?

Kitasa
Usisaini kabla hamjaandika makubaliano ya pembeni, nani analipa, na akishindwa rejesho hiyo laini inabaki na nyumba au anadai fidia. Na wa bima waambie mapema, nyumba ya kuishi ikigeuka karakana wanaweza kukataa kulipa ikiungua.

fundi_waya
Na kebo inayoingia ndani ikaguliwe kwanza kabla ya fomu yoyote. Mashine ya kuchomelea kwenye waya za taa, hiyo karakana haifiki mbali.